Diamba ya Rangi ya Askofu

Sehemu ya sita

Aliyetukosa wiki iliyopita asogee karibu, tumpe la kutafuna. Banza Stany, yule karani wa stoo ya mgodi kabla mgodi haujalala na mishahara yake, bado yuko Kolwezi, mtaa wa Manika, na bado hana kazi. Baiskeli ameshaila. Redio ameshaila. Kitambulisho hakukila yeye. Kililiwa na mbuzi wa mama mkwe wake, nasi tulicheka sana, bila kujua kwamba kicheko kile kitatutokea puani.

Mke wake ni Ndaya. Amezaliwa hapa hapa Kolwezi, lakini baba yake aliletwa kutoka Kasai kuchimba shaba, na mwaka ule wa tisini na tatu hakuna aliyeuliza wewe umezaliwa wapi. Waliuliza babu yako kazaliwa wapi. Watu wa Kasai walikuwa wanatolewa majumbani na kumwagwa stesheni, wakilala kwenye simenti kungoja treni ya kuwapeleka "kwao", ambako wengi wao hawajawahi kukanyaga.

Basi tulimwacha Banza mlangoni, uso kwa uso na Kabamba, shefu wa vijana wa mtaa. Katika Manika nzima hapakuwa na mtu mwenye kelele kumshinda Kabamba kuhusu damu ya watu.

"Banza," Kabamba alisema, "bibi yako ni Mukasai. Kamyo inapita juma hii. Nifanye nini?"

Kamyo ndiyo lori, lile la kuwabeba watu kwenda stesheni. Lakini Kabamba hakuwa anamtazama Banza. Alikuwa anatazama nyuma ya nyumba, kwenye bustani ya lengalenga, yaani mchicha, shingo imerefuka.

"Ile kule nyuma ya lengalenga ni nini?"

"Ni lengalenga ingine."

"Usinidanganye. Ile lengalenga ingine, mi nilianza kuivuta mbele we uoe."

Ilikuwa bangi, ambayo kwetu inaitwa diamba. Mbegu zilikuja zimefungwa kwenye pindo la kitenge cha mama mkwe, kwa jina la dawa ya miguu. Banza alizipanda mwishoni mwa mvua, akijiambia kwamba njaa haina adabu.

Kabamba hakukasirika. Aliketi kwenye ngazi, akavua kofia, akapumua kwa huzuni.

"Sikia. Siku moya, mutu wa treni alitoka Dilolo akaniletea diamba ya mauve. Mauve, Banza! Kama mukaba ya Monsenyeri. Niliivuta nikaona bantu yangu bote benye balikufaka, na hakuna hata moya alikuwa na njaa." Alifuta macho. "Tangu vita ya Angola, haifikake tena. Ii ya kijani ni majani tu. Mbuzi njo wa kuikula."

Hapo shetani akamsogelea Banza, akamnong'oneza habari ya zambarau hiyo ya maaskofu.

"Ii yangu itakuwa mauve," Banza alisema.

"Lini?"

"Mbele ya sikukuu ya Petro na Paulo, mwisho ya mwezi wa sita."

Kabamba alisimama. "Kama inakuwa mauve, Ndaya ni dada yangu, na mwenye kumugusa atapita kwanza juu yangu. Kama inabaki kijani..." Akavaa kofia yake, akaenda.

Ndaya alikuwa amesikia kila neno nyuma ya pazia.

"Unayua namna ya kuifanya mauve?"

"Mungu anayua."

"Basi Mungu njo alikuwa wa kuongea na Kabamba."

Mwingine aliyesikia ni Mama Mbombo, mama mzazi wa Ndaya. Kabamba hakujua kama yupo duniani. Tangu machafuko yaanze alikuwa amefichwa kwenye kijumba cha jikoni nyuma ya nyumba, yeye, kuku wake mmoja, na yule mbuzi mla vitambulisho.

Na msidhani Banza mwenyewe alikuwa anamwona. Kwa watu wa Kasai mkwe ni mkwe. Mama wa mke wako huli naye, huketi naye, husemi naye uso kwa uso. Mkikutana njiani, mmoja anaingia majanini. Banza ni Mluba wa huku Katanga, wa upande wa Malemba, lakini alioa na heshima akaichukua pamoja na mke. Miaka tisa ya ndoa, na Banza alimjua mama mkwe wake kwa mgongo na kwa sauti tu. Mama Mbombo akiwa na neno la kumwambia, alimwambia kuku.

"Kuku," ilisema sauti kutoka jikoni, "ambia muku yangu: mutu hauzishe mvua kama hayaona mawingu."

"Kuku," Banza akajibu akilitazama paa, "ambia mama: nimeshaiuza."

Kuku hakusema kitu.

Tuseme jambo moja wazi, kwa sababu Banza hakuwa mtu wa kulisema. Alimpenda Ndaya. Alipofikiria nyumba ile bila sauti ya Ndaya akimsimanga, tonge alilirudisha sahanini. Mengine yote, mgodi, baiskeli, redio, yalikuwa yamekwenda na yeye amebaki. Hili likienda, hakuona ni nini kitabaki.

Kwa hiyo nyumba ile ilikuwa imegeuka shule. Vijana wa Kabamba walikuwa na mtego wao. Mkasai humsalimu mwenziwe "Moyo webe!", yaani uhai kwako, na mwenziwe hujibu "Eyowa!", yaani ndiyo, bila kufikiri, kama mtu anavyopiga chafya. Mama Mbombo alimsimulia kuku kwamba salamu hiyo na diamba viliingia Kasai kwa mlango mmoja, zamani za mababu, kwa watu walioketi kuzunguka kiko kimoja wakaamua kuitana ndugu. Sasa mtu alikupitia sokoni, akakurushia "Moyo webe!" taratibu. Ukijibu, lori linakungoja.

Lakini kwa Kiswahili moyo ni huu unaodunda kifuani, na Banza akapata akili hapo. Mkatanga akirushiwa neno hilo atashangaa tu, atauliza: moyo ya nani?

Akaanza kufundisha. Alimvizia Ndaya akiwa anasonga bukari. "Moyo webe!"

"Eyo— moyo ya nani?"

Alimvizia akiwa na sabuni machoni. Alimvizia akiwa usingizini. Alipiga kelele kuelekea jikoni ili kuku asikie, na Mama Mbombo, baada ya kuanguka mara nyingi, akajifunza kufoka: "Moyo ya nani, we mupumbafu!" Wiki mbili baadaye ungeweza kumwangushia Ndaya bati kichwani ukasema moyo webe, naye angekuuliza ni ya nani. Mwalimu alifurahi sana, akajipa alama zote.

Lugha ilikuwa imekwisha. Ilibaki rangi.

Fidélie, jirani wa ukuta mmoja, mwenye kinywa kilichofungwa kuliko Benki ya Serikali, alishauri supu ya lengalenga nyekundu. Uchemshe, upoze, umwagie shinani. Banza alimwagia mpaka akamaliza mboga za nyumba. Mimea ilikunywa, ikanenepa, ikabaki kijani.

Akaenda dispensari akarudi na ile dawa ya zambarau, ambayo kila mtoto wa Kolwezi ameshapakwa mdomoni. Akaketi na unyoya wa kuku, akapaka jani moja moja siku nzima kama mwanamke anayepaka kucha. Ilipendeza! Hata Ndaya alitoka kuangalia. Umande wa asubuhi ukaja ukaosha kila kitu, na matone yakashuka mpaka kwenye lengalenga. Mbuzi akala lengalenga. Mbuzi akapita mtaani na midomo ya mauve.

Mikono ya Banza haikutakata. Jumapili kwenye misa, walipopeana amani ya Kristo, alimpa padri mkono, na padri akauangalia kwa muda.

"Stany, unatafuta kazi yangu, ao ya Monsenyeri?"

Jumatatu Kabamba akaja kukagua. Alilowesha kidole gumba kwa mate, akasugua jani, akakitazama kidole.

"Banza. Mi nilisema ikomae mauve. Sikusema uipake kama mulango ya bar."

"Iko inaanza, shefu. Inaanzaka inje, kiisha inaingia mu ndani."

"Petro na Paulo inakaribia," Kabamba alisema, na safari hii hakucheka.

Banza akashikwa na hofu ya kweli. Akachukua ndoo, akaenda mpaka kwenye bwawa la zamani walikokuwa wakioshea mawe ya mgodi, akarudi na maji ya shaba. Alijiambia, kama shaba inaweza kulipaka rangi jiwe zima, itashindwa na jani?

"Banza," Ndaya alimwambia, "shaba inapakaka mawe rangi gani?"

Banza akafikiri. "Kijani," akasema polepole.

Lakini alikuwa ameshamwaga. Mche alioumwagia ukakauka kabla ya jua kuzama, na Ndaya alicheka mpaka akakaa chini, halafu akalia kidogo, halafu akaenda kuchambua sombe, yale majani ya muhogo ya mboga.

Ndipo baridi ya Juni ikashuka. Mgeni wa Kolwezi hudhani Afrika nzima ni joto, mpaka aamke mwezi wa sita akute majani meupe bondeni na maji ya ndoo yanauma meno. Banza aliona mimea inajikunyata, akaamini kwamba baridi ndiyo itakayomaliza alichokianza yeye. Akatoa mablanketi ya harusi, yale mazito, akawa anaifunika mimea kila jioni na kuipapasa kama watoto wachanga. Yeye na Ndaya walilala chini ya koti na magunia.

"Kuku," ilisema sauti ya jikoni, "ambia muku yangu: mu nyumba yetu diamba njo inalala na blanketi, na bantu banalala mu gunia."

Kwa hiyo ni nani aliyepata homa? Si diamba. Banza alianguka na kikohozi cha kutikisa kitanda, hata kusimama hawezi.

"Lala," Ndaya alimwambia. "Mi nitafunika."

"Ufunike muzuri. Usiache hata shimo ya kupitisha upepo."

"Nitafunika."

Na kila jioni Banza, akiwa kitandani, alisikia kishindo cha kitu kizito kikikung'utwa na kutandikwa nyuma ya nyumba. Alilala kwa amani. Mke mwema, aliwaza, ni nusu ya dawa.

Siku aliyoweza kusimama, jua lilikuwa ndiyo kwanza linachomoza. Alijifunga koti akatoka nje kwenda kuwafunua watoto wake. Hapakuwa na blanketi hata moja. Palikuwa na gunia tupu limetupwa chini, na Ndaya amesimama karibu yake.

"Mablanketi iko wapi?"

Ndaya hakujificha. Alinyosha kidole upande wa stesheni. "Ku gare."

"Ku gare?"

"Nilibapa Tata Tshibangu na batoto yake siku ya kwanza tu ya ugonjwa yako. Nilibeba chini ya kitunga ya sombe."

"Na ile kishindo ya kila siku?"

"Nilikuwa napiga gunia."

Banza alifungua mdomo, lakini Ndaya alikuwa ameshawahi.

"Banalala ku simenti, Banza! Muyomba yangu kabisa, mwenye alinilea. Mutoto wake wa mwisho anakohoa kama muzee. Banabaita bilulu, badudu tu, banapita banabaangalia kama bitu ya soko. Na shi hapa tunafunika majani! Majani, Banza! Kama ni kunipeleka, banipeleke, lakini sitapanda treni na kukuta ule mutoto amekufa na baridi juu ya majani yako!"

Alilipiga teke lile gunia. Banza naye alikuwa na hasira, na chini ya hasira kulikuwa na aibu, na alitaka kusema neno baya ambalo lingeweza kukaa ndani ya nyumba ile miaka. Bahati nzuri kikohozi kikamziba.

Alipomaliza kukohoa, Ndaya hakuwa anamtazama tena. Alikuwa anatazama nyuma ya bega lake.

"Banza. Geuka."

Akageuka.

Jua lilikuwa limeingia bustanini. Kichwa cha kila mche kilikuwa zambarau, zambarau iliyokolea na kung'aa, imeshuka kwenye mishipa ya majani mpaka kwenye shina, na pembeni majani yamekuwa meusi meusi kama divai ya misa. Banza alilowesha kidole kwa mate, akasugua jani. Akakitazama kidole. Kilikuwa safi.

"Ndaya," alisema kwa sauti ndogo, "haitoke."

Baridi, wasomaji wangu. Ile ile baridi aliyokuwa anaikimbiza kwa mablanketi ya harusi ndiyo aliyokuwa anaitafuta kwa ndoo na unyoya. Mbegu za Mama Mbombo zilikuwa na rangi hiyo ndani ya damu tangu Kasai, zinangoja tu mtu aache kuzibembeleza. Lakini hakuna aliyelijua hilo asubuhi ile. Fidélie alisema ni supu yake. Banza alisema ni dawa ya dispensari, imechelewa kupanda. Mama Mbombo alimwambia kuku kwamba yeye amesali rozari, na kwamba hataki kushukuriwa, lakini wakitaka kumshukuru, chumvi imekwisha.

Banza alimshika Ndaya mkono kwa mikono yake ya mauve. "Unabaki," alisema. "Unasikia? Unabaki." Na yeye ndiye aliyelia.

Kabamba alipoletwa, alivua kofia na kupiga ishara ya msalaba.

"Dada yangu," alimwambia Ndaya, na sauti ilimkatika. "Dada yangu!"

Hadithi ingeishia hapo kama Kabamba angekuwa mtu wa kula na kunyamaza. Lakini mtu akipata kitu cha ajabu, hakimalizi utamu mpaka akionyeshe kwa mkubwa wake.

"Kesho namuleta Tata Kisimba," alisema. "Mwenye kamyo. Akiona ii, hataniita tena katoto."

"Shefu, haina lazima..."

"Kesho."

Asubuhi lori likasimama mlangoni. Banza alitegemea jitu lenye panga. Akashuka mtu mfupi, mwenye miwani na koti lililopigwa pasi, mwenye sauti ya chini kama muungamishaji. Alipita bustanini mikono nyuma. Alinusa. Kabamba akamtilia kwenye kiko, akawasha, akangoja kama mwanafunzi anayengoja mtihani wake.

Tata Kisimba alivuta. Alifumba macho.

"Mm," alisema.

Kabamba karibu azimie kwa furaha.

Wakafunga fungu nono ndani ya gazeti. Kisimba akalibana kwapani, akapita kando ya moto ambapo Ndaya alikuwa anakoroga sombe, na bila kubadili sauti akasema:

"Mama, moyo webe."

Banza alihisi moyo wake mwenyewe umesimama.

Ndaya hata hakuinua kichwa. "Moyo ya nani, Tata? Ya ngombe ao ya kuku? Shi leo hatuna hata moya, ni sombe tu."

Tata Kisimba akacheka, kicheko kizuri kabisa, akampapasa Kabamba begani. "Nyumba muzuri," alisema. "Bantu ba kwetu."

Ee Mungu! Banza alijisikia mwepesi kama gunia lililomwagwa mahindi. Mke wake amepona. Shule yake imezaa. Aliwasindikiza wageni mpaka mlangoni akitabasamu kwa meno yote, akiwaza chumvi, akiwaza kumpelekea Tata Tshibangu chakula, akiwaza maisha. Kisimba alikanyaga ngazi ya lori, akageuka, akainua mkono wa kuaga.

"Basi, Tata Banza. Moyo webe!"

"Eyowa!" Banza akajibu.

Hata mbuzi aliacha kutafuna.

Mganga hajigangi. Wiki mbili nzima yeye ndiye alikuwa anauliza. Hakuna siku hata moja mtu alimwuliza yeye. Na miaka tisa ndani ya nyumba ya Kasai, jirani, shemeji na wajomba wakiingia na kutoka na moyo webe zao, ilikuwa imeufanyia ulimi wake kazi ambayo hakuitambua.

"Mukatanga," alisema Kisimba kwa upole, "angeniuliza moyo ya nani."

"Mi ni Mukatanga! Baba yangu ni wa Malemba! Babu yangu ni wa Malemba!"

"Karte yako iko wapi?"

"Mbuzi aliikula."

Vijana walicheka mpaka wakashikana mabega. Banza mwenyewe alisikia lilivyotoka. Akawaonyesha mbuzi, na mbuzi, ambaye midomo yake bado ilikuwa na mauve, akawatazama wote kwa dharau.

"Kabamba ananiyua! Kabamba, ambia Tata! Tulifanya kazi pamoya!"

Kabamba alimtazama Banza. Kisha akatazama bustani. Akamtazama tena Banza, na wote waliokuwa pale waliona hesabu ikipita usoni mwake: bustani isiyo na mwenyewe ni bustani ya shefu wa vijana.

"Mi?" Kabamba alisema. "Simuyui muzuri. Nilimuonaka tu ku misa."

Mwiko ukamdondoka Ndaya. Akafungua kinywa. Banza alimwona, akamtikisia kichwa, mara moja tu, kwa nguvu. Neno moja la kumtetea, na angepandishwa Ndaya. Banza hata akifika Mwene-Ditu, kule Kasai, anaweza kurudi, angalau alijiambia hivyo. Ndaya akienda asingerudi tena. Ndaya akaziba mdomo kwa ncha ya kitenge, na macho yake yakasema mambo ambayo hayaandikwi gazetini.

Wakambeba Banza miguu na mikono, wakamtupa juu ya lori.

Ndipo mlango wa jikoni ukafunguka.

Mama Mbombo alitoka akiwa ameinua kichwa. Alimpita kuku bila kumwambia kitu. Akatembea mpaka kando ya lori, akamtazama Banza machoni, na Banza akauona uso wa mama mkwe wake kwa mara ya kwanza. Ulikuwa uso wa Ndaya, ila umechoka zaidi.

"Mwan'anyi," alisema. Mtoto wangu.

Miaka tisa Banza alikuwa anangoja neno moja kutoka kwake ambalo halikupitia kwa kuku. Alilipata siku ya lori.

Mama Mbombo alitaka kuendelea. Alitaka kusema huyu ni mtu wa huku huku, mwacheni, mnitwae mimi. Lakini Kisimba alikuwa ameshasikia Kiluba cha Kasai, na hilo lilimtosha.

"Tulikuya kwa mutoto," alisema, "tunapata na mama yake. Bapandishe bote."

Juu ya lori palikuwa na ubao mmoja tu wa kukalia. Mama Mbombo akaketi ncha moja, akampa mkwe wake mgongo, maana heshima haivunjwi mara mbili kwa siku moja. Akakosa kuku. Akamgeukia mlinzi mwenye rungu.

"We, ambia muku yangu asogee. Ananikanyagia kitenge."

Vijana bado walikuwa wanacheka hilo waliposikia sauti ya Ndaya kutoka nyuma ya nyumba.

"Kabamba!"

Alikuwa amesimama katikati ya bustani, panga mkononi.

"Dada yangu..." Kabamba akaanza.

"Usiniite dada." Panga likashuka. Kichwa kimoja cha zambarau kikaanguka mchangani, na Kabamba akatoa mlio kana kwamba amekatwa yeye. "Ii ni ya kwanza. Ambia mukubwa yako kweli. Banza ni mutu wa wapi?"

"Dada, ngoja kwanza..."

Cha pili kikaanguka. Dereva aliwasha lori. Ndaya akalishika shina la mche ule mkubwa kuliko yote, ule uliokolea mpaka unakaribia weusi, akainua panga juu ya kichwa chake.

"Utasema, ao nakata?"

"Eyowa!" Kabamba akapiga kelele, mikono juu, machozi yanamtoka. "Eyowa, eyowa, usikate!"

Kelele zote zikafa pale mlangoni. Kabamba akajiziba mdomo kwa viganja viwili, lakini ulimi hauna mfupa, na neno la Kasai lilikuwa limeshatoka.

Kwenye lori, Tata Kisimba alimwambia dereva azime injini. Akaliweka fungu lake la gazeti juu ya kiti, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kisha akashuka.